Ufunguo wa Choo

Haja kubwa iliniita katikati ya asubuhi, nikaifurahia kama mgeni niliyekwisha kumkatia tamaa.

Daktari alikuwa amenionya: kunywa maji, kula mboga, na haja ikikuita usiibane. Maji na mboga niliviweza. Hilo la mwisho lilining'inia shingoni mwa shangazi yangu, msimamizi wetu wa ushonaji kiwandani: ufunguo wa choo, ambao hautolewi mpaka kengele ya chakula. Wenzangu wengi waliacha hata kunywa maji kazini. Mimi nilibana mpaka tumbo likawa gumu kama ubao, na nikifanikiwa kupata choo, kinatoka na damu.

"Shangazi, naomba ufunguo."

"Bana, mama. Wenzako wote wanabana. Wewe tumbo lako la kifalme?"

Wachache walicheka bila kuinua macho kwenye cherehani.

Nikahisi haja inaanza kurudi nyuma taratibu, kama nilivyoizoeza. Ikiondoka leo, sijui itarudi lini. Nikachukua mkasi wa kukatia nyuzi, nikaivuta kamba ya ufunguo iliyokuwa kifuani pa shangazi, nikaikata. Cherehani zote zikanyamaza.

Nilipotoka chooni, mwepesi, jasho likinitiririka, shangazi alikuwa mlangoni pamoja na meneja.

"Kazi hii nimekutafutia mimi," alisema shangazi. "Mwombe meneja radhi, na mimi uniombe, yaishe."

Nikamwekea ufunguo kiganjani.

"Siombi, shangazi."