Mtoto wa Siku Tisa

Mariette aliomba abadilishiwe neno. Alikuwa amepewa "maji", akataka "mtoto".

Mwalimu Appolinaire, aliyekuwa akitunga kamusi katika chumba cha kupanga mjini Mbarara, hakuona ubaya. Wasomaji wake walikuwa wawili tu, wote wakimbizi wa kambi ya Nakivale: Mariette, Mkongomani wa kanda ya Rubondo, na Prudence, Mrundi wa kanda ya Misiera. Kazi yao ilikuwa kupekua magazeti ya zamani ya mji wa Uvira, Kongo. Kila walipokuta neno walilopewa waliinakili sentensi nzima, ijulikane watu walilitumiaje.

Siku ya kwanza Mariette alinakili "mtoto" mara arobaini. Mtoto azama ziwani. Mtoto aungua kwa uji. Mtoto aokotwa sokoni. Akaona kwamba magazetini mtoto hachezi wala halali. Mpaka apatwe na jambo ndipo aandikwe.

Hakutulia. Alifunua upesi kuliko alivyosoma, akaruka miaka, akarudi nyuma. Mlango ukigongwa, anashtuka. Mwalimu alikuwa amesema Ijumaa magazeti yote yangepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti, yasomwe na kila mwenye simu. Sasa ilikuwa Alhamisi, na maboksi mawili yalikuwa bado.

Prudence alimwangalia hata akashindwa kuvumilia.

"Dada, kuna mtu unamtafuta humu?"

Mkono wa Mariette ukasimama hewani.

"Mutoto," alisema. "Wa kike. Alikuwa na siku tisa tu."

"Mana yanje, Mungu wangu! Alipotelea wapi?"

"Kule Uvira, zamani. Banasema gazeti liliandika. Mimi sikuliona, nilikuwa nimekwisha kukimbia."

Prudence alijifuta macho kwa pembe ya kitenge. Yeye mwenyewe alikuwa amezika wawili njiani, alijua uchungu huo unavyokaa.

"Afadhali Mungu alikuachia Élyse," alisema.

"Ndiyo. Niko na Élyse tu."

Élyse alikuwa bintiye wa pekee, msichana wa sekondari ambaye simu haikumtoka mkononi. Kila jioni Mariette aliporudi Rubondo alimkuta amekwisha kuteka maji na kupika, na kila jioni binti aliuliza: "Mama, mbona uko unahangaika hivi?" Mariette alimjibu kwamba ni uchovu wa safari ya Mbarara.

"Basi nipe boksi moja," Prudence alisema. "Tutamtafuta wawili."

"Hapana, acha. Nitamaliza mwenyewe."

"Dada, jeneza halibebwi na mtu mmoja." Na boksi alikwisha kulivuta.

Wakapekua, kila mmoja boksi lake. Mariette aliweka jicho moja kwenye gazeti lake, la pili kwenye mikono ya Prudence. Mwalimu alitoka kwenda kula. Gari la matangazo lilipita mtaani likipiga kelele. Hakuna aliyeinua kichwa.

Mara Prudence akapiga ukelele.

"Nimempata! Wa kike, siku tisa, Uvira! Dada, ni yeye!"

Mariette aliruka hata kiti kikaanguka. "Nipe."

"Kaa kwanza, utaanguka. Acha nikusomee pole pole."

"Prudence, nipe hiyo gazeti!"

Lakini Prudence, kwa huruma tu, alimshika mkono akamkalisha, akaanza kusoma kwa sauti, kidole kikifuata mistari.

"'Mtoto wa kike wa siku tisa ametoweka katika maternité, hospitali ya uzazi ya mji wetu, mama yake alipokwenda kuoga. Mama huyo hali wala halali, na anaomba yeyote aliyemwona mtoto wake apeleke habari parokiani. Anayetafutwa ni mfagizi wa maternité hiyo, mwanamke asiye na mtoto, aitwaye Mariette...'"

Kidole cha Prudence kikasimama hapo.