Mdomo Nyuma ya Pazia

Katika jumba la opera la wanyama, nafasi ya mfalme iliimbwa na Kiboko, kwa kuwa hakuna aliyemfikia kwa sauti nzito. Hata hivyo hakuwa na raha. Nyuma ya pazia alisimama Hondohondo, mwimbaji wa akiba, ambaye angeingia jukwaani siku Kiboko akiugua. Na kila Kiboko alipoimba, alimwona akichezesha mdomo kimyakimya.

"Anafanyia mazoezi nafasi yangu," Kiboko aliwaza.

Basi miaka tisa hakukosa onyesho hata moja. Aliimba na homa, akaimba na kikohozi, mpaka Tabibu Kobe akamwambia, "Bwana Kiboko, koo limevimba. Nyamaza wiki mbili tu, utapona."

"Wiki mbili? Nirudi nimkute amevaa taji langu?"

Siku hiyohiyo akaimba. Katikati ya wimbo sauti ikakatika, pazia likashushwa, na Kobe alipomchungulia kooni akatikisa kichwa: haitarudi. Kiboko, machozi yakimtoka, akamvisha Hondohondo taji.

Hondohondo alikuwa akitetemeka mpaka mkiani. "Kaka, usinifanyie hivi! Mimi nawaogopa watazamaji kuliko simba. Hukuwa ukiniona pale nyuma? Miaka yote hiyo nilikuwa nakuombea dua umalize salama."

Kiboko akafungua kinywa amjibu. Midomo ilicheza kimyakimya, na huko ukumbini watazamaji walikuwa wakipiga makofi, wakimwita mfalme.