Kiti cha Profesa Zubeldía

Mzee Anselmo alikuwa amelala mdomo wazi mlangoni kwa Profesa Zubeldía, na wanafunzi waliopanga foleni nyuma yake hawakuthubutu kumruka. Mwenyewe hakuwa mwanafunzi. Alikuwa mshika foleni. Watu wa Buenos Aires walimkodi awakalie kwenye foleni zao, za pasipoti, za benki, za tiketi za mpira, mpaka wafike wenyewe. Leo alikuwa amekodiwa na Maitena Bordón, tangu alfajiri.

Maitena aliwajua vizuri watu wa kazi hiyo, maana tasnifu yake ya uzamili wa uchumi iliwahusu wao: muda wa mtu una bei gani anapoutumia kumngojea mwingine? Sura ya pili nzima ilieleza mambo yao. Mto wa kukalia, chupa ya maji ya moto ya kunywea mate, ile chai chungu ya majani ya kwao, chungwa lililomenywa nyumbani, na ile sheria yao kuu, kwamba mshika foleni hainuki hata aitwe na mama yake mzazi.

"Amka, mzee wangu, nimefika."

"Umechelewa, binti. Mgongo umeshakuwa ubao."

"Mashine ya kuchapa ilikwama. Na leo asiposaini, nimekwisha."

Hakuwa akitia chumvi. Saa sita mchana dirisha la kupokea tasnifu lingefungwa, na bila saini ya msimamizi angerudia mwaka. Mama yake, kwa furaha isiyo na breki, alikuwa ameshaalika ukoo mzima waje kula nyama choma Jumapili. Nusu ng'ombe alikuwa kwenye friji la jirani. Shangazi wa Tucumán walikuwa ndani ya basi tayari, na kofia zao.

"Kwani umewahi kusikia kamsainia nani?" alidakia Ramiro, aliyeanza tasnifu yake kabla ya Maitena na ambaye sasa alikuwa na ndevu zinazomfika kifuani. "Mimi ananiambia yale yale matatu."

Ukumbi mzima uliyajua yale matatu. Punguza utangulizi. Takwimu zimetoka wapi? Rudi Alhamisi. Si kwamba yalikuwa maneno mabaya. Maitena aliupunguza utangulizi wake kila Alhamisi, na kweli ukazidi kupendeza. Mara moja tu profesa alimwandikia jambo jingine, pembeni mwa sura ya pili: "Mto uwe wa sufi. Sponji inaumiza." Ramiro aliutafuta mto huo maktaba wiki nzima, akiamini ni jina la nadharia fulani ya akiba ya taifa.

Mlango ulifunguka, akatoka msichana mmoja analia.

"Utangulizi," alisema, akapita.

Maitena aliingia. Profesa alikuwa kitini pake kama kawaida. Hakuna aliyewahi kumwona amesimama. Juu yake ilining'inia picha yake ya ujana, ana nywele za kumwaga na pua nyembamba. Uchumi umemtenda vibaya, aliwaza Maitena.

"Punguza utangulizi," alisema profesa.

"Nimepunguza, Profesa. Imebaki sentensi moja."

Profesa alijikuna kidevu. "Takwimu zimetoka wapi?"

"Kwa washika foleni wenyewe, nimeongea nao mmoja mmoja."

"Rudi Alhamisi."

"Leo ndiyo Alhamisi! Na nyingine hakuna!" Machozi yalimtoka bila kuomba ruhusa. Alisukuma tasnifu na kalamu mezani. "Profesa, nakuomba kama baba yangu. Shangazi zangu wako njiani. Nisainie tu, hapo mwanzoni, chini ya tabaruku."

Profesa aliisoma tabaruku. Maitena alikuwa ameiweka kwa ombi la Mzee Anselmo, ili kumkumbuka swahiba wake wa kazini: *Kwa marehemu Evaristo Paz, mfalme wa foleni, aliyekwenda kazini asubuhi moja asionekane tena.*

Profesa aliisoma tena. Akafanya ishara ya msalaba. Moyo wa Maitena ulijaa furaha. Hatimaye kazi yake ilikuwa imemgusa mtu.

"Nani kasema amekufa?" aliuliza profesa.

Lilikuwa swali jipya kabisa. Maitena alichangamka. Msimamizi wake alikuwa anadai ushahidi, na ushahidi alikuwa nao, tena hapo nje tu.

"Mzee Anselmo! Hebu njoo umweleze profesa habari za marehemu!"

Mzee Anselmo aliingia na mto wake kwapani, kofia mkononi, tayari kwa heshima zote. Alimtazama mtu wa kitini. Akautazama mto aliokalia. Akaiona chupa ya maji ya moto miguuni pake, na pembeni yake chungwa lililomenywa.

"Evaristo! Mshenzi wewe!" alifoka. "Tumekusomea misa! Mkeo kavaa nyeusi!"

"Punguza sauti," alinong'ona yule mtu, bila kuinuka. "Mwenyewe yuko hapo chini tu, anakunywa kahawa. Alisema nimshikie kiti dakika tano."

Kalamu ilibaki mezani baina yao. Maitena aliuliza polepole, kama mtu asiyetaka kujibiwa.

"Alisema lini?"

Evaristo alifikiri, akachungulia ukumbini kupitia mlango uliokuwa wazi.

"Unamwona yule kijana wa ndevu? Alikuwa bado hajaziota."