Kumchelewesha Clifford

Brenda alichuchumaa nyuma ya ukuta wa mawe, akahakikisha hakuna anayemtazama ila kondoo, kisha akachoma msumari kwenye tairi la baiskeli yake mwenyewe. Upepo ukatoka fyuuu.

"Jamani!" aliita, akijitia kushangaa. "Nimepata pancha!"

Wenzake walikuwa wameshafika katikati ya kilima. Wakasimama, wakageuka, wakaanza kushuka huku wakiguna.

"Tena?" akauliza Nadeem, dereva wa basi aliyekuwa kiongozi wa kundi lao la Jumapili. "Mama Brenda, barabara hii ina ugomvi na wewe?"

"Ni zile pai," akasema Gwen, jirani wa Brenda, ambaye ulimi wake haukupumzika hata mlimani. "Nilimwambia azipunguze. Tairi nalo lina moyo."

Brenda akameza tusi. Hiyo ilikuwa pancha ya pili. Kabla yake alikuwa ameangusha mnyororo makusudi, na kabla ya mnyororo aliwashusha wote hadi kwenye mfereji wakatazame bata. Bata wa kawaida kabisa.

Angefanya nini? Gazeti la mji lilikuwa limetangaza: Jumapili hiyo, saa tano asubuhi, dohani ya kutolea moshi ya kiwanda cha nguo cha Hollinroyd ingeangushwa kwa baruti. Brenda alilisoma, akafungia nalo maganda ya viazi na kulitupa kabla mumewe hajaliona. Kisha mumewe huyo, Clifford, kati ya njia zote za duniani, akachagua kuwapandisha kwenye kilele ambako bonde lote huonekana, na dohani ile ikiwa katikati yake.

Clifford aliingia Hollinroyd akiwa na miaka kumi na tano, akatoka siku mashine zilipozimwa kwa mara ya mwisho. Kelele za kufuma zilikwisha kuliua sikio lake la kushoto. Tangu hapo, kila walipopita chini ya dohani alisimamisha baiskeli, akaikazia macho, midomo ikimchezacheza bila sauti. Brenda hakuwahi kumuuliza anasema nini. Mambo mengine mke humwachia mumewe.

Basi na aichelewe. Aikute imeshalala chini na vumbi limetulia. Kuiona ikianguka, kwa moyo ule wa mzee mwenye miaka sabini na kitu, hapana.

Clifford alipiga magoti kuziba pancha. Akatazama saa yake, akatazama tena.

"Leo una mkosi, mke wangu."

"Sana," akajibu Brenda, akiupokea ule mpira wa ndani na kuuangusha kwenye matope.

Nadeem alikuwa amejitenga na simu yake. "Ndiyo, tuko njiani," alikuwa akisema. "Tuvumilieni kidogo tu."

Anaongea na wale wa mgahawani, Brenda aliwaza. Kila Jumapili Nadeem aliwaagizia supu mapema.

Wakapanda tena. Njia ilikuwa ya mawe yaliyolainishwa na kwato za farasi wa kubeba sufu, ikipita kati ya nyumba za wafumaji wa zamani, kuta zao zingali nyeusi kwa masizi. Brenda alikanyaga pedali kwa uvivu wa kujitakia. Ghafla akahisi kiganja mgongoni. Clifford alikuwa akimsukuma.

"Kanyaga, bibi wee! Unapanda kama gunia la makaa!"

"Niache, nitaanguka!"

"Ukianguka nitakuokota. Kanyaga!"

Ikabaki hila moja. Karibu na kilele Brenda akashika kichwa, akasema anaona kizunguzungu, akajitupa kwenye nyasi. Gwen akampa keki ya tangawizi. Nadeem akampepea kwa kofia. Clifford akasimama juu yake, akihamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule kama mtu aliyebanwa na haja.

Kengele ya kanisa ikasikika kutoka bondeni. Saa tano. Brenda akatafuna taratibu, akisubiri mshindo. Haukuja. Upepo ulivuma kwa nguvu. Pengine uliubeba kwenda kwingine. Alingoja hadi keki ikaisha, na kipande cha Gwen pia, ndipo akainuka.

"Nimepona," akasema, na moyo wake ukawa mwepesi.

Walipofika kileleni, dohani ilikuwa imesimama pale pale, ndefu, nyekundu, haina hata ufa.

"Wazembe wakubwa," akanong'ona Brenda. Alijipanga mbele ya mumewe amzibe, lakini Clifford alikwisha kumpita, akateremka mlima bila kugusa breki, akikata kona kama kijana, na Nadeem nyuma yake akipiga mbinja.

Brenda aliwakuta bondeni, kwenye kamba ya kuzuia watu, ambako nusu ya mji ilikuwa imekusanyika. Mtu mwenye kofia ngumu alikuja mbio hadi kwa Clifford.

"Mzee Clifford! Watu wamekaribia kutupiga mawe! Ulikuwa wapi?"

Akamwekea mikononi kisanduku cha manjano chenye kitufe chekundu.

Brenda akamshika mumewe mkono. Macho ya mzee yalikuwa yamejaa machozi. Brenda akainama kwenye lile sikio lililo zima.

"Cliff, waambie wamtafute mwingine. Hakuna atakayekulaumu."

"Mwingine?" Clifford alikikumbatia kisanduku kifuani. "Brenda, mwezi mzima nimewabembeleza hawa! Tangu nina miaka kumi na tano naiambia dohani ile kwamba siku moja nitaiangusha mimi."

Mwenye kofia ngumu akainua mkono, akaanza kuhesabu kurudi nyuma kutoka kumi. Alipofika saba, Clifford akabonyeza.