Picha Barazani

Bi Shariffa alikuwa akijigamba kwamba Mkunazini nzima hakuna mwenye macho makali kumshinda, huku akiupekua mkeka kutafuta miwani iliyo usoni pake.

Asubuhi hiyo afisa wa serikali alimkuta barazani na jirani yake. Akawaamkia, kisha akampa picha ya mfungwa mwenye ndevu.

"Kakamatwa Somalia, akiwa na kundi la magaidi," alisema. "Anadai ni mwanao. Ukimkubali, tutamrejesha ashitakiwe hapa kwetu. Ukimkataa, ndo basi tena, atabaki hukohuko."

Bi Shariffa hakuthubutu kumtazama jirani. Mwanawe ndiye aliyemshawishi mtoto wa jirani huyu wakaenda pamoja vitani, na wa jirani aliuawa.

Kidole gumba chake kikazipapasa nyusi za pichani, taratibu, kama anazifuta vumbi.

"Simjui huyu," akasema. "Wangu yuko Maskati, anauza udi. Tena mnene. Huyu kakonda kama ufagio."

Jirani akaichukua ile picha mkononi mwake, akaitazama kitambo.

"Anakudanganya, mwanangu," alimwambia afisa. "Ni wake. Nimemwogesha kwa mikono yangu hii. Mleteni, aje anambie wangu kamzika wapi."