Godoro la Dirishani

"Soko haikuungua yenyewe," mgombea alisema, akimega ugali wa muhogo. "Ni sisi tulichoma."

Podikasti ndefu humlegeza mtu: unacheka, unakula, unasahau maikrofoni. Sasa tonge lilimganda mkononi. Mtangazaji, Susana, akamsogezea maji.

Mlinzi wa mgombea akasimama. "Dada, hiyo maneno utakata kabla ya kurusha."

Akihema kwa joto, mlinzi akaliondoa godoro lililokuwa limeziba dirisha ili kuzuia kelele.

Chini, kwenye steji ya boda, pikipiki zote zilikuwa zimezimwa. Simu moja ikasema kwa sauti ya mgombea, matangazo ya moja kwa moja yakichelewa kidogo: "Ni sisi tulichoma."

Madereva wakainua macho.

Susana akaisogeza maikrofoni. "Endelea, Mheshimiwa. Petroli alileta nani?"