Faji wa Mguu wa Gocha

Mzevinar alipiga magoti kando ya shimo la maji taka nyuma ya hospitali, akateremsha chupa kwa kamba. Mlinzi akamsogelea.

"Umeangusha nini humo, mama?"

"Natafuta mguu wa mwanangu."

Mlinzi akarudi kibandani kwake.

Wala hakuwa amerukwa na akili. Alikuwa na miaka ishirini na tisa katika maabara moja ya hapa Tbilisi, na kazi yao ni kuwinda faji, virusi vidogo mno vinavyokula bakteria. Maji taka ya hospitali ndiyo mawindo yao makubwa. Ila faji ni wachaguzi, jamani. Mmoja hula bakteria wa aina moja tu. Wengine hata umwekee mdomoni, hawagusi.

Gocha, mwanawe wa pekee, alivunjika muundi kwa pikipiki. Mfupa uliungwa vizuri. Wiki ya pili kidonda kikaanza kutoa usaha wa kijani, na antibiotiki saba zikapita bila kufanya lolote. Leo ilikuwa Jumatatu. Daktari alishasema: Ijumaa asubuhi wanakata juu ya goti.

Alipoambiwa, Mzevinar alijibu "haya," akaenda kununua mkate. Hakulia. Alikufa ganzi papo hapo, na ganzi hiyo haikumwachia. Supu aliinywa bila kujua kama ina chumvi. Watu wakimpa pole, aliona midomo ikicheza tu.

Zamani, yaani wiki tatu nyuma, alikuwa na mdomo huyu mama. Tangu siku ya kwanza ya Gocha wodini, kila mchana alitoka mbio maabara na koti lake jeupe, sufuria ya maharage mkononi, na kabla ya kupakua alifungua bandeji akaifunga upya.

"Mama, hiyo ina saa moja tu," Gocha alilalamika.

"Imefungwa na nani? Mikono ya watoto hiyo. Hii yangu imeshika bakteria miaka ishirini na tisa, sijaota hata chunusi. Nyoosha mguu!"

Usaha ulipotoka, alijua wa kumlaumu. Alikuwapo nesi mmoja, Pikria, binti wa miaka ishirini na tatu, ambaye Mzevinar alidai kumwona akigusa kidonda bila kunawa.

"Mchafu wee! Hata ng'ombe hafungwi hivyo!" alimfokea, wodi nzima ikageuka.

"Nilinawa, mama. Naapa nilinawa."

Mzevinar aliandika malalamiko kurasa tatu. Pikria akafukuzwa. Akaondoka na mfuko wa plastiki wenye viatu vyake vya kazi, na hakuna aliyemsindikiza.

Sasa Mzevinar aliotesha bakteria wa Gocha kwenye visahani, juu yake akadondoshea maji ya kila chupa: maji taka ya hospitali, maji ya mto Mtkvari, ya machinjioni, ya bafu za umma. Faji akila, sahani hutoboka doa safi. Jumanne, hakuna doa. Jumatano, ukungu mtupu. Faji wote wa dawa waliokuwa kwenye friji walishajaribiwa, wakagoma.

Jumatano jioni Vazha, mkuu wa maabara, alikuja akasimama nyuma yake.

"Dada, umejaribu wale wa droo ya chini?"

"Wa majaribio? Wale hawajawahi kuponya hata kuku."

"Mfa maji haishi kutapatapa. Lete."

Vilikuwa vichupa arobaini na viwili. Mzevinar alidondosha kimoja kimoja, bila tumaini, kama mtu anayeosha vyombo.

Alhamisi asubuhi Vazha alifungua kabati la joto, akapiga ukelele. Kisahani kimoja kilikuwa cheupe pee, bakteria wote wameliwa.

"Thelathini na nne! Dada, njoo uone! Amefagia! Amelamba mpaka sahani!"

Akambusu mashavuni, akampigia daktari simu mwenyewe. Mzevinar aliangalia kisahani. Alijua hapa ndipo mtu hufurahi, akasubiri furaha ije, haikuja. Akaenda kunawa mikono.

Ijumaa hakuna aliyeshika msumeno. Walimmiminia Gocha faji kidondani asubuhi na jioni. Jumapili homa ikashuka. Jumatano iliyofuata usaha ukakauka, na Gocha akauliza kwa nini leo hakuna maharage.

"Maharage!" Mzevinar alisema, na hapo ndipo ganzi ilipomwachia. Alilia kwa sauti, kichwa juu ya shuka la mwanawe, akalia mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akalia naye. Alirudi maabara macho yamevimba, anacheka peke yake njiani.

Vazha alikuwa amemimina chacha, pombe kali ya zabibu, kwenye vikombe vya chai.

"Kwa mguu wa Gocha! Na yule nesi wako na ajue alichotaka kutufanyia."

"Mungu atamlipa," alisema Mzevinar, akanywa yote.

"Haya, tumalizie karatasi. Daktari anataka kujua huyu thelathini na nne chakula chake ni nini."

Mzevinar alifungua daftari la droo ya chini, akasoma huku akijifuta macho. Faji thelathini na nne alikuwa ameonjeshwa bakteria wa nchi kumi na moja, akawakataa wote. Alikula mmoja tu, bakteria sugu aliyetengenezwa humu humu maabara, asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Chini yake palikuwa na majina ya walioruhusiwa kumshika bakteria huyo, na lilikuwapo jina moja tu, Mzevinar.